Mzee Aliyelaumu Benchi Letu

Habari za msiba zilikuwa zimeenea Isiolo yote kabla hazijanifikia mimi. Nilikuwa Meru kwa shughuli za kifamilia, na niliporudi Jumamosi nilipita dukani kwa Mzee kama nilivyozoea, nikakuta milango imefungwa na kinyozi wa duka la jirani ameketi nje bila kazi. "Hujasikia?" akaniuliza. "Mzee alituacha jana alfajiri. Amezikwa baada ya swala ya Ijumaa." Kwa hiyo sikuwahi mazishi. Nilikwenda nyumbani kwake kutoa pole, nikakaa mkekani pamoja na wafugaji waliotoka Kinna na Oldonyiro, watu aliowauzia dawa za mifugo kwa miaka mingi. Kila mmoja alikuwa na kisa cha ngamia au mbuzi aliyepona kwa sababu yake. Mimi sina mifugo. Mimi nilimjua uwanjani, kwenye mpira.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilipohamia mji huu kutoka milimani, mgeni asiyejua hata pa kununua maji, nilikwenda kutazama timu ya mji ili tu nipoteze alasiri ya Jumapili. Yeye alikuwa amekaa mahali pake, kwenye kivuli cha ukuta nyuma ya goli, akanitazama nikiungua juani, kisha akasogea. "Kaa hapa," alisema. "Jua ya huku itakumaliza." Tangu siku hiyo pale palikuwa mahali petu sisi wawili. Aliniita Mwandishi, nami nilimwita Mzee. Salaam aleikum yake niliijibu kwa adabu niliyojifunza kwake. Mpira ulipokwisha kila mmoja alishika njia yake.

Msimu ninaotaka kuukumbuka ni ule timu yetu ilipofika hatua ya mtoano wa kupanda ligi. Kikosi cha kwanza kilikuwa kizuri, tena kizuri kweli. Maradhi yetu yalikuwa benchi. Tuliongoza mechi hadi joto likawalemea vijana, miguu ikaanza kuburuta, na kocha akageuka kuwatazama wachezaji wa akiba. Hapo uwanja mzima uliguna. Aliyeingia alipoteza mpira, aliyemfuata alikosa mtu wa kukaba, na bao letu tulilolihangaikia tangu mwanzo likarudishwa. Mzee hakuwa na subira na mambo hayo. "Kocha," alikuwa akipaza sauti, "hiyo benchi ni ya kukalia, si ya kucheza." Watu walicheka, yeye hakucheka. Mabadiliko yakifanyika alisimama, akaupa uwanja mgongo na kuutazama ukuta. "Mwandishi, wewe niambie wakifungwa. Mimi siwezi kuona hii." Nami nilimtangazia mechi mtu aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka golini.

Raundi ya kwanza ya mtoano tulipona kwa mikwaju ya penalti. Ya pili tulicheza nyumbani, na mshindi ndiye angepanda. Tulikuwa mbele kwa bao moja mlinzi wetu alipoumia. Akaingia kijana mmoja wa benchi, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, fundi wa mawe anayeishi na mama yake kando ya barabara ya Ngaremara. Muda ukiwa unaelekea kwisha akamrudishia kipa pasi dhaifu. Mshambuliaji wa wageni akaiwahi na kufunga, tukawa sare ya bao moja kwa moja. Sijamaliza kumweleza Mzee kilichotokea, wakapita upande uleule na kufunga la pili. Filimbi ikalia. Mji mzima ulikuwa umejiandaa kushangilia, na sasa haukujua upeleke wapi sauti yake.

Ikapelekwa kwa yule fundi. Wachezaji walikuwa wanabadilishia nguo kwenye stoo moja ya mabati, na watu wakaanza kukusanyika mlangoni. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kawaida ya mpira. Kisha mmoja akasema mechi imeuzwa. Mwingine akasema watu wa kabila lake ndivyo walivyo, kazi yao ni kuuangusha huu mji. Nikaona mawe mikononi. Wanaoishi hapa wanajua maneno ya namna hiyo yakishatamkwa huishia wapi. Mzee akapenya katikati yao, akauegemea ule mlango kwa mgongo. Mimi nikasimama kando yake, si kwa ushujaa, bali kwa sababu tulikuwa tumekuja pamoja.

"Nani ametukana huyu kuliko mimi?" akauliza. "Nimemtukana kutoka mwezi ya kwanza mpaka leo. Lakini nimetukana mguu yake. Nani ametaja kabila? Akuje hapa mbele aseme tena, nisikie."

"Mzee, ameuza mechi," mtu mmoja akasema.

"Ameuza kwa nani? Wewe uliona? Kama uliona, twende polisi mimi na wewe, saa hii." Yule mtu akatazama chini. "Basi weka hiyo mawe. Ukirusha, itanipata mimi kwanza, na utaenda kueleza watoto yangu."

Kisha wa nyuma wakaanza kuondoka, na wa mbele wakafuata.

Tulimsindikiza yule kijana kwao kwa miguu, yeye akiwa katikati yetu. Nilidhani Mzee angembembeleza. Badala yake alianza tena pale alipoachia. "Ile mpira ulikuwa unapeleka wapi?"

"Kwa kipa, Mzee."

"Kwa nini haikufika?"

"Mguu ilikuwa nzito."

"Nzito aje, na umekaa mchana yote?"

"Ndio hiyo, Mzee. Nimekaa mwaka mzima." Akaeleza kwamba mazoezini uwanja ulikuwa wa kikosi cha kwanza, wao wa benchi kazi yao ilikuwa kuokota mipira iliyotoka nje. Tukafika kwao. Mama yake akatoka mbio, akamshika mwanawe usoni. "Wamemfanyia nini?"

"Hakuna kitu, mama," Mzee akamjibu. "Tumeshindwa mpira tu. Mpe chai."

Wiki hiyohiyo alimfuata kocha. Kocha akamwambia matusi yake ameshayasikia ya kutosha. "Leo sijakuja kutukana," Mzee akasema. "Nataka kujua, hawa watu ya benchi unawachezesha lini?" Tangu hapo kila Jumatano wachezaji wa akiba walicheza na kikosi cha kwanza. Mzee alifunga duka mapema akaenda kuwatazama, na kuwalaumu. Mwaka uliofuata tulifika tena kwenye mtoano. Benchi likaingia na likashikilia. Tulitolewa hata hivyo, maana nahodha wetu alipaisha penalti. Watu waliguna, wakamsema nahodha mpaka koo zikakauka, kisha wakaenda nyumbani. Hakuna aliyekaribia ile stoo. Hatujapanda ligi hadi leo.

Katika mji wetu kosa ni nadra kubaki la mwenyewe. Karani akichelewesha kazi, dereva akigonga mbuzi, mfanyabiashara akipunja mizani, swali la kwanza ni huyo ni wa kabila gani. Siku hizi swali hilo husambazwa kwenye makundi ya simu kabla mwenye kosa hajafika nyumbani. Wako wanaotushauri tupunguze kulaumiana ili tuishi kwa amani. Mzee hakuishi hivyo, wala sidhani amani ya watu waliofunga midomo ingemridhisha. Alilaumu kwa sauti, mchana kweupe, akimtazama mtu usoni, na lawama yake ilimhusu mtu huyo na jambo alilofanya, basi. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza kulaumu, alijiona ndiye mwenye wajibu wa kwanza kuwazuia waliotaka kuvuka mpaka.

Namshukuru kwa kivuli alichonigawia nikiwa mgeni, na kwa alasiri zote alizoniharibia kwa malalamiko yake. Zaidi namshukuru kwa nilichokiona siku ile: kwamba mtu anaweza kukukasirikia kwa moyo wake wote, na bado ukawa salama mikononi mwake. Tukiweza kukasirikiana namna hiyo, tutaweza kuishi pamoja hapa.