Nilikwenda Kanombe Kupimwa

Nilikwenda Kigali kwa sababu mke wangu alichoka kunisikiliza. Kwa miaka minne nimekuwa nikifanya mazoezi ya MMA, ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, katika ghala la zamani la pamba hapa Kahama, na kwa miaka minne kila nikirudi nyumbani namsimulia Neema nimemwangusha nani. Halafu ukaja ujumbe kutoka Dar es Salaam: klabu yetu ipeleke mpiganaji mmoja kwenye pambano la ridhaa, baada ya miezi miwili. Nina miaka thelathini na tano, ni fundi wa majokofu, na sijawahi kupigana mbele ya watu. Nilijua wazi kwamba nafasi ya namna hiyo haitanijia mara ya pili. Na ghalani hakuna aliyejiuliza nani aende, maana mimi ndiye niliyeanzisha klabu na hakuna aliyewahi kunishinda.

"Hao wote wanakuamkia shikamoo," Neema alisema. "Tafuta mtu asiyekujua akupime. Akisema unaweza, nenda Dar, sitatia neno. Akisema huwezi, basi, uniache nipumzike."

Nikakubali, kwa kiburi zaidi kuliko kwa busara. Hamisi, niliyesoma naye sekondari na ambaye sasa anauza vipuri vya magari Kigali, akanitafutia kocha. Nikampigia simu, nikamweleza kwa kirefu jinsi ngumi zangu zilivyo nzito. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Njoo Jumamosi."

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Kahama. Nilikuwa sijala vizuri siku mbili, kwa sababu nimesoma kwamba wapiganaji hujinyima kabla ya kupimwa uzito, ingawa hakuna aliyesema atanipima uzito. Ushirombo nilikunywa maji. Nyakanazi nilitazama watu wakila ndizi za kuchoma nikageuza uso. Barabara ile ni ya malori, nasi tulikaa nyuma ya lori moja la saruji mpaka nikaikariri namba yake.

Rusumo tulishuka wote na mizigo yetu kugongewa pasi. Ng'ambo ya mto Kagera saa inarudi nyuma kwa saa moja, na magari yanahamia mkono wa kulia. Abiria mwenzangu alifurahi kwamba tumeongezewa saa nzima ya bure. Mimi nilichoona ni saa moja zaidi ya kukaa na njaa. Kutoka hapo ni vilima, kona, migomba, vilima tena. Nilisinzia nikaamka mara nyingi kiasi kwamba sikumbuki Kayonza kabisa.

Jioni, kituo cha Nyabugogo, Hamisi alinipokea kwa kucheka. "Deo, umekonda! Unaumwa?" Anakaa Gatsata, juu kidogo ya kituo, katika chumba kilicho nyuma ya karakana, na nguo zake zote zinanuka oili. Alikuwa amepika wali na maharage. Nikamwambia nitakula kesho baada ya kupimwa, maana nataka kuwahi kwa kocha saa mbili asubuhi.

"Saa mbili? Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, bwana. Ni umuganda. Watu wote wanatoka kufanya kazi ya mtaa, maduka yanafungwa, hakuna gari wala pikipiki mpaka saa tano."

Nilimpigia kocha. Alishangaa kwamba sikujua. "Mazoezi ni saa tisa mchana," alisema. "Asubuhi wewe ni mgeni na umetoka safari. Lala." Basi nikala wali wa Hamisi sahani mbili, nikajichukia kwa zile siku mbili za kujinyima bure.

Jumamosi asubuhi sikulala. Nilisikia majembe yakigonga mawe, nikatoka. Majirani wa Hamisi walikuwa wakizibua mtaro uliojaa udongo ulioshuka na mvua. Walikuwa watu kama arobaini, na walifanya kazi kwa mwendo wa watu wanaojua watamaliza saa ngapi: mmoja analima, mwenzake anapumzika, wanapokezana, wanapiga soga. Nikaomba jembe. Nilipoona wananitazama, nikaanza kulima kama mtu aliyeahidiwa shamba. Sikumpa mtu zamu. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alinishika bega akaniambia, "Buhoro, buhoro," yaani polepole. Nilitabasamu nikaongeza kasi.

"Kaka, hapa hatushindani," Hamisi alininong'oneza. "Ni mtaro tu."

Saa tano kazi ilipokwisha watu walikaa chini kufanya mkutano wao wa mtaa, hawana hata jasho, wachangamfu. Mimi viganja vilikuwa vimetoka malengelenge.

Saa tisa mchana nilifika Kanombe kwa pikipiki, upande wa pili wa jiji, karibu na uwanja wa ndege. Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu chenye mikeka ya bluu na madirisha yaliyo juu sana. Kocha anaitwa Solange, mama wa makamo, siku za kazi ni karani wa ofisi huko Kacyiru. Alizaliwa Karagwe na kukulia huko kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Aliangalia viganja vyangu kabla hajanisalimia vizuri.

"Nilikwambia ulale."

"Nisingeweza kukaa ndani wenzangu wanafanya kazi."

Alimwamsha kijana aliyekuwa amelala kwenye kona ya mkeka. Huyo ni Thierry, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, ametoka zamu, mwembamba. Nilimhurumia.

"Unaanza ukiwa umelala chali, yeye juu," Solange aliniambia.

"Kwa nini nianze chini?"

"Kwa sababu kwenye simu ulinieleza vizuri nguvu zako ziko wapi. Nataka kuona huko kwingine."

Raundi ni dakika tatu. Nilimsukuma Thierry kwa nguvu zangu zote, akakubali kusukumwa, akarudi. Nikasukuma tena. Dakika ya pili mikono ikakataa, akanizunguka mgongoni taratibu, akanipiga kabali. Kwa miaka minne nilikuwa sijawahi kugonga mkeka kukubali kushindwa, na kwa sekunde kadhaa sikuamini kwamba kofi lile ninalolisikia ni la mkono wangu mwenyewe. Tulirudia mara nne. Mara nne niligonga. Mara ya mwisho Thierry alinisaidia kuinuka.

"Pore sana, kaka. Wewe iko na nguvu mingi, ariko... lakini unaitumia yote pale mwanzo. Mimi nasubiri tu. Ikiisha, nachukua."

Nilimwonyesha kocha viganja vyangu. Nikataja mtaro, basi, njaa, hata ile saa ya Rusumo. Nilijisikia nikisema, na sikuweza kunyamaza. Solange alinisubiri nimalize.

"Sawa," alisema. "Hizo ni sababu. Basi leo tuseme hatujapima kitu. Ukale, ulale, urudi kesho baada ya kanisa."

Jumapili nilifika nikiwa sina pa kujificha. Nilikuwa nimelala kwa saa tisa nzima, nimekula, viganja vimefungwa plasta. Solange alikuja na gauni lake la kanisani akabadilisha. Thierry alikuwa ametoka tena zamu, kwa hiyo kama kuna aliyechoka ni yeye. Tukiwa tumesimama nilimpiga ngumi mbili safi, na moja ilimtoa machozi. Nikajipa moyo. Halafu tukaenda chini, na chini nikawa yule yule wa jana. Alinikaba mara tatu katika raundi nne. Mara ya tatu nilibaki nimelala nikitazama yale madirisha, si kwa maumivu. Nilichoka, uchovu wa miaka yote minne kwa pamoja, na nilitamani niachwe nilale hapohapo.

"Ihangane," Thierry alisema, ndivyo wanavyosema pole huko, na safari hii hakuongeza maelezo.

Solange aliketi karibu nami mkekani. "Kwenu nani huwa anakulaza chali?"

"Hakuna."

"Miaka minne?"

"Hata mara moja."

Alitikisa kichwa kama daktari aliyesikia umekunywa dawa kwa kipimo chako mwenyewe. "Ukisimama, wewe ni mtu wa miaka minne ya mazoezi, na ngumi zako ni nzuri, sikudanganyi. Ukilala, umeanza mwezi uliopita. Hujui kupumua ukiwa chini ya mtu, kwa sababu hujawahi kuwa chini ya mtu. Ama wenzako wote ni wabovu, ama wanakuheshimu mno. Mimi siwajui. Hilo ukapime wewe."

"Na Dar?"

"Kwa miezi miwili? Hapana. Ungekuwa na mwaka, tungezungumza."

Nilimshukuru. Roho iliniuma sana, na nilifurahi vilevile kwamba alisema hapana bila kuizungusha. Hamisi jioni hiyo alinunua mishikaki akaniuliza nimefaulu au vipi. Nilimwambia nimeshindwa na Mrwanda wa kilo sitini aliyetoka kubeba masanduku ya watu. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniongezea nyama.

Jumatatu niliondoka na basi la asubuhi. Rusumo nilirudisha ile saa yao. Nilikula kila kilichouzwa dirishani kuanzia Benaco mpaka Kahama. Neema alinifungulia mlango, akanitazama usoni. Nikamwambia, "Amesema siwezi." Alinishika mkono, akatoa plasta, akaosha viganja vyangu kwa maji ya uvuguvugu. Nilidhani atafurahi kwamba yameisha. Alionekana kusikitika kuliko mimi.

Jumanne jioni nilikwenda ghalani. Wote walisimama. "Shikamoo, kaka Deo," walisema. Nikamwita Masanja, fundi seremala wa miaka ishirini na nne, ambaye ndiye ninayefanya naye mazoezi zaidi na ambaye nimemwangusha mara zisizohesabika. Nililala chali, nikamwambia aje juu.

"Leo usinionee haya," nilimwambia. "Ukinionea haya nafunga ghala hili na hamfanyi mazoezi tena."

Aliwatazama wenzake. Kisha akashuka. Nilimsukuma, akasogea kidogo tu, akakaa mahali ambapo mikono yangu haikumfikia, na kabla sijahesabu hata hadi ishirini shingo yangu ilikuwa kwenye kiwiko chake. Nikagonga mkeka.

Aliniachia haraka, akapiga magoti akiomba radhi. Nilikaa, nikamuuliza ameweza hivyo tangu lini.

Masanja aliangalia chini.

"Tangu mwaka juzi, kaka."

Nikamwambia Dar ataenda yeye, nikalala chali tena, nikamwambia arudie taratibu ili nione anafanyaje.