Mbao za Sakafu ya Mama Balbir

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mlango wa zamani niupige randa, kile chombo cha kulainisha mbao, na kwa kiherehere changu nikaanza mara moja. Karakana ilikuwa Thika, nyuma ya maduka. Aliyeiongoza tulimwita Mistri Mkuu, yaani fundi mkuu, Singasinga mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kuamsha mtaa. Alinishika mkono.

"Wewe, huu mlango atafungua nani?"

"Sijui, mzee."

"Hujui na umeanza? Kama ni mtoto, kitasa kinashuka. Kama ni mama mzee, mlango unakuwa mwepesi. Enda uliza kwanza. Mbao itangoja."

Nilinuna siku nzima. Niliona nimeajiriwa kuwa seremala, si mtu wa kuuliza watu maswali. Leo nimestaafu, nakaa kwangu Gitothua, na sijui mtu mwingine ninayemshukuru kama mzee yule.

Karakana ilipofungwa nilihamia Ruiru kwa mkandarasi wa majengo. Bosi wangu huko alikuwa Msimamizi wa Ujenzi, mtu mnene, mpenda chai, asiyejua kunong'ona. Ndiye aliyenifundisha boriti, zile mbao nene zinazopita chini ya sakafu ya ghorofa. Mimi nilidhani kazi yake ni kubeba tu.

"Wewe kijana, hizo ndizo zimeshika ukuta huu na ule," alinguruma. "Ukitoa zote, nyumba inapanuka mbavu. Utakimbilia wapi?"

Baadaye nikaanza kujitegemea, na nyumba za zamani za Thika mjini ndizo zilizonilisha. Mnazijua: duka mbele, vyumba nyuma, ghorofa moja juu, kuta za mawe, na sakafu ya juu ya mutarakwa, mti ambao ukiukata hata baada ya miaka mingi bado unanukia. Nyinyi vijana mkinunua nyumba kama hizo mnang'oa kila kitu mnaweka jipsam na vigae. Haya, pesa ni zenu. Lakini nisikilizeni kwanza habari ya Mama Balbir, maana ndiyo kazi iliyonistaafisha nikiwa na furaha.

Mama Balbir ni mjane wa Kisingasinga. Aliolewa katika nyumba ile akiwa msichana. Katika chumba cha juu, upande wa nyuma, familia iliweka Kitabu chao kitakatifu, juu ya jukwaa dogo lililofunikwa kitambaa. Kwa desturi yao hakuna mtu anayepaswa kutembea kwenye ghorofa iliyo juu yake, ndiyo maana kiliwekwa juu kabisa. Lakini magoti ya Mama yalikuwa yamechoka. Kila asubuhi alipanda ngazi akiwa ameketi, kidato kwa kidato, na tayari alikuwa ameshaanguka. Mwanawe, Balbir, alitaka nyumba iuzwe, mama ahamie kwenye fleti yake Nairobi. Niliitwa nione kama ngazi zinaweza kupunguzwa mwinuko.

Nilipima, nikapima tena. Ngazi za kumfaa zingekuwa ndefu mpaka zitokee barabarani.

"Fundi, mwambie ukweli," Balbir alisema. "Hizi stairs haziwezekani. Akianguka tena je?"

"Kwako kuna watu juu, na juu ya hao kuna wengine," Mama akamjibu. "Nikienda kwako, Kitabu kinaenda hekaluni, na mimi nabaki na televisheni."

Balbir hakuwa mtoto mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama naye alitazama mikono yake, na nilimwonea huruma. Nikaketi kwenye kidato cha chini. Hapo ndipo sauti ya Mistri Mkuu iliponijia: nilikuwa nimepima ngazi yote, na mwenye nyumba sijamuuliza kitu.

"Mama, ni lazima Kitabu kikae juu, ama ni lazima mtu asitembee juu yake?"

"Mtu asitembee."

"Na kikikaa hapa chini, halafu hapo juu pasiwe na sakafu?"

Aliinua macho akaitazama dari. "Unataka kutoboa nyumba yangu?"

"Chumba kimoja tu. Juu patabaki hewa na mabati."

Alicheka akashika ubavu, kisha akaanza kulia. Alimpigia simu mzee wa hekalu lao, wakaongea Kipunjabi kwa muda, akakata simu akaniambia, "Fundi, anza."

"Nyumba haitaanguka?" Balbir aliuliza, na hapo nikamshukuru Msimamizi wangu wa Ruiru. Kitabu kikahamishiwa kwanza chumba cha juu cha mbele, kisha nikang'oa mbao zote za sakafu ya chumba kile cha nyuma, lakini boriti kadhaa nikaziacha zishike kuta. Mlango wa juu tukauziba kwa mawe.

Siku Kitabu kiliposhushwa, Balbir alikibeba kichwani, miguu mitupu, nasi tukafuata bila viatu, mimi nimefunga leso kichwani. Mama hakupanda popote. Alitoka kitandani mwake, akashika ukuta, akatembea mpaka mbele ya Kitabu. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Nilipokuwa nikikusanya vifaa, aliniita.

"Fundi, hizi mbao beba uende nazo. Zimebeba Kitabu chetu maisha yangu yote. Ila uniahidi, zisikanyagwe tena."

Nikaahidi. Huku Gitothua mke wangu, Nyambura, alizipokea kwa vifijo, maana nasi nyumba yetu ni kuukuu na saruji ya sakafu ya chumbani imepasuka.

"Ngai! Hizi zinatosha bedroom yote!"

"Hazikanyagwi, mama watoto."

"Sasa sakafu isiyokanyagwa ni ya kazi gani?"

Nilimwonyesha. Nilizipigilia moja baada ya nyingine juu ya kitanda chetu, zikawa dari, kisha nikaiweka nyundo chini na sijaichukua tena kwa malipo. Magoti yangu sasa yanafanana na ya Mama Balbir.

Yeye bado yuko Thika. Asubuhi anatembea hatua zake chache mpaka kwa Kitabu, na juu yake hakuna mtu. Mimi nafumbua macho nikiwa chali, na juu yangu iko sakafu yake, inanukia mutarakwa.