Hodi za Mkandaji

Mkandaji wa mama yangu huvua pete mlangoni, husugua mafuta viganjani mpaka yapate joto, kisha huketi upande ule uliopooza kwa kiharusi. Nilipomuuliza kama mkono utaamka, alisema, "Mimi nakanda tu, ndugu yangu," akaendelea na kidole gumba. Kila kidole hukibishia hodi kwanza, kwa sauti ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Hodi, mama."

"Karibu," mama hujibu.

Siku ya kwanza nilidhani ulimi umefunguka, nikampigia shangazi simu huku nalia kwa furaha. Kumbe ndilo neno pekee lililombakia. Ukimuuliza anaumwa wapi, karibu. Ukimuuliza mimi ni nani, hunitazama machozi yakimlengalenga: karibu. Jana nilichoka, nikamwambia mkandaji aache mchezo wake, mkono ule hausikii kitu. Hakuinua macho.

"Najua hausikii. Lakini mama amebakiwa na neno moja, na ninyi hammpi pa kuliweka."

Akashika kidole cha mwisho, akabisha hodi. Mama akajibu. Vidole vikawa vimekwisha.