Nyumba Ilivyompendeza Mthamini

Kazini walimwita Dada Mkuu. Alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli ya ghorofa nne iliyochoka kuliko wageni wake, na kazi yake, ukiyaweka pembeni maneno mazuri ya mkataba, ilikuwa kumfanya mgeni aone chumba kizuri mahali ambapo chumba kizuri hakipo. Tundu la msumari ukutani aliliziba kwa dawa ya meno nyeupe. Doa la maji kwenye dari alilisugua kwa chaki hadi likapotea. Bawaba inayolia aliipa tone la mafuta ya kupikia. Mgeni akiuliza kama kuna tatizo, jibu lilikuwa moja, na aliwafundisha wasichana wote wa zamu walitamke kwa tabasamu: "Hakuna tatizo, karibu sana."

Ndoa yake ndiyo haikuwa na chaki ya kuisugua. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Safari zikawa ndefu, kurudi kukawa kwa kubahatisha, na mwisho akapata mwanamke mwingine huko njiani, mwanamke akashika mimba. Hakuficha. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kochi, akasema yote, akalia mpaka kamasi, kisha akachukua begi lake akaondoka. Mtu wa namna hiyo hata kumchukia ni kazi. Ungetamani angalau angetukana kidogo.

Watoto hawakujaliwa. Kilichobaki cha kugawana kilikuwa nyumba moja ya vyumba vitatu, waliyoijenga kwa mishahara yao wote wawili, leo mifuko ya saruji, kesho mabati. Sheria ilisema nusu kwa nusu na hakuna aliyebisha. Swali lilikuwa moja tu: iuzwe, au mmoja amlipe mwenzake nusu ya bei abaki nayo?

Dada Mkuu alitaka kubaki nayo kwa kufa na kupona, na si kwa sababu ya bati wala saruji. Aliishi na mama yake mzazi, na mama alikuwa haoni. Macho yalimzimika polepole, na wakati yanazimika aliisoma nyumba ile kwa vidole. Kutoka kitandani, mkono wa kushoto ukutani, fremu ya mlango, kona ya kochi, kisha jikoni. Alijichemshia chai mwenyewe. Alikwenda chooni mwenyewe. Alitoka barazani kuota jua, akarudi, akamkemea mwanawe kwa kuacha sufuria chafu, ambayo aliijua kwa harufu. Ndani ya kuta zile alikuwa mtu mzima na heshima zake. Daktari wa macho alishasema waziwazi: "Huyu msimhamishe. Kwa umri wake hatajifunza nyumba nyingine."

Wakili wake alikuwa mwanadada anayeongea haraka, ambaye kila kikombe chake cha chai kilipoa kikiwa nusu.

"Dada, nisikilize vizuri," alimwambia. "Mthamini, yule mpimaji wa thamani ya nyumba, akishataja bei, wewe unamlipa mumeo nusu ya hiyo bei. Bei ikiwa ndogo, unalipa kidogo. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Kwa hiyo usipake rangi. Usitengeneze chochote. Paa linavuja, mwambie linavuja. Kuna ufa, mpeleke kwenye ufa. Hatumdanganyi mtu, tunasema nyumba ilivyo. Kila utakachokipendezesha utakinunua mwenyewe."

Dada Mkuu alitikisa kichwa kukubali. Chama cha akiba na mikopo cha kazini kilishampa kiwango chake cha mwisho, na kwa nyumba ilivyo, paa lile na ufa ule, nusu ingeenea humo kwa kubanabana. Ili pasiwe na kuvutana, wote wawili walitia saini kwamba bei ya mthamini ndiyo ya mwisho, hakuna kurudi nyuma. Wazo hilo lilikuwa lake yeye mwenyewe. Aliogopa dereva asije akaleta mthamini wake wa kichochoroni.

Sasa, ni nini kilimwingia siku ile? Mimi nasema ni simu. Asubuhi dereva alipiga, sauti ya unyonge, akasema na yeye atakuwepo mthamini akija. Tangu aondoke na begi lake hakuwa amekanyaga pale. Dada Mkuu aliweka simu chini, akaitazama sebule kwa macho ya mtu anayeingia kutoka nje, akaona pazia limefubaa.

Pazia tu, alijiambia. Akalibadilisha. Pazia jipya likaingiza mwanga, na mwanga ukalionyesha doa la dari, akapanda juu ya meza na kipande cha chaki. Aliposhuka akaona matundu ya misumari palipokuwa na picha ya harusi. Baada ya hapo mikono haikumsikiliza tena. Alichemsha maganda ya limau nyumba inukie. Alizipa bawaba mafuta. Alitandika vitanda hadi vikakaza, na kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo akalisukuma kabati la vyombo likauficha ufa wa ukutani, kama lilizaliwa pale. Akilini mwake alijua vizuri anachokifanya. Lakini moyo ulisema: asije akaikuta nyumba imelala kifudifudi kwa sababu yeye hayupo. Asije akapata hata hilo.

Mama akatoka chumbani, mkono wa kushoto ukutani, akajigonga bega kwenye kabati.

"Nani kajenga ukuta hapa?"

"Ni kabati, mama. Nimelisogeza kidogo."

"Kidogo cha nani? Limenivunja bega." Kizee akalipapasa juu hadi chini, akapitisha vidole nyuma yake. "Hapa si ndipo penye ufa?"

"Ndipo."

"Na wakili si alisema ufa uonekane?"

"Nitalirudisha sasa hivi."

Hodi ikapigwa kabla hajalirudisha.

Mthamini alikuwa baba mmoja mpole mwenye mkoba wa ngozi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hapo hapo Dada Mkuu akamwonea huruma ya kikazi, ile anayomwonea mgeni aliyefika na vumbi. Dereva aliingia nyuma yake, kofia mkononi. Aliinua macho moja kwa moja hadi kwenye kona ya dari. Aliijua kona ile, maana masika yote ndiye aliyekuwa akiamka kuitegea beseni. Safari hii alikuta dari jeupe. Akamtazama mkewe wa zamani.

"Nyumba imetunzwa hii," mthamini alisema, akivuta utepe wake wa kupimia kutoka kona hadi kona. "Mimi naingia nyumba nyingi za watu wanaoachana, mama. Huwa hata kufagia hawafagii."

Alipima, alipiga picha, alifungua bomba akalifunga. Ilikuwa kiangazi, hakuna tone lililodondoka kumsaidia mtu. Mwishoni alisimama katikati ya sebule, akauliza kama wanavyouliza wote:

"Kuna tatizo lolote ambalo ningepaswa kulijua? Paa, mabomba, kuta?"

"Hakuna tatizo," alisema Dada Mkuu. "Karibu sana."

Lilitoka lenyewe, na tabasamu lake. Alilisikia likishatoka. Pale pale angeweza kulirudisha, isingemgharimu zaidi ya pumzi moja: samahani, baba, paa linavuja. Lakini dereva alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake, na kuyasema maneno hayo mbele yake kulikuwa sawa na kumwambia kwamba bila wewe, nyumba inaanguka. Mthamini akaandika, akavaa viatu, akashukuru kwa ukarimu. Ndani, mama alikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Wakili alipopiga simu kutaja bei, hakusalimia.

"Dada, ulifanya nini?"

Nusu ya bei ile iliuruka mkopo wake kwa mbali. Hata angekopa kwa kila anayemjua, pengo lisingezibika. Akaomba mthamini aambiwe ukweli, aitwe tena. Wakili akamkumbusha. Aliulizwa mbele ya mumewe akajibu hakuna tatizo, na jibu liko kwenye ripoti, na saini yake iko chini ya makubaliano aliyoyataka mwenyewe. Wangeenda wapi?

Akaenda yadi ya malori. Dereva alikuwa anakagua matairi, akiyagonga moja moja kwa kipande cha chuma.

"Unajua paa linavuja," alimwambia bila salamu. "Unajua na ufa. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, na wewe umesema hakuna tatizo?" Dereva aliweka chuma chini. "Nilidhani umelitengeneza. Wallahi, nilitazama lile dari nikasema, kumbe ameweza bila mimi. Nikafurahi hata."

Hicho hasa ndicho Dada Mkuu alichotaka dereva akione, na alikiona.

"Nipunguzie," alisema mwishowe. "Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya mama."

Macho ya dereva yalilowa. Machozi hayakuwa mbali na mtu huyu.

"Ningependa. Mama ni mama yangu pia. Lakini nimeshatoa ahadi ya lori, mtoto anakuja, nimechoka kuendesha gari la mtu mwingine. Ile ni nusu yangu. Sikuibii."

"Huniibii," alikubali. Alitamani sana angekuwa anaibiwa, apate wa kumlaani. Alirudi kwa miguu, na njia nzima alijiita mjinga kwa sauti, hata watu wakampisha.

Nyumba iliuzwa haraka, maana ilikuwa inapendeza. Siku ya kugawana, ofisini kwa wakili, kila mmoja alipata nusu yake hadi senti ya mwisho. Wakapeana mikono. Wakili alisema ameona talaka nyingi, lakini mgawanyo wa haki kama huu, usio na matusi, huwa nadra. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana Dada Mkuu alishindwa kumtazama.

Nusu ile haikutosha kununua nyumba nyingine, hata kibanda cha pembezoni. Alipanga chumba na sebule ghorofa ya pili, choo cha pamoja mwisho wa ujia. Kwa siku mbili alipanga na kupangua: kitanda cha mama upande ule ule, kochi kona ile ile, kila kitu alikisogeza mpaka kikafanana na kule, isipokuwa kuta, ambazo hazisogezwi. Alimshika mama mkono, wakatembea, mlango huu, ujia huu, choo hiki. Mama alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Siku ya tatu ilibidi arudi kazini. Aliacha chupa ya chai na mkate mezani, karibu na kitanda. Hotelini kulikuwa na kundi kubwa la wageni, akachelewa kutoka.

Alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, pale pale alipomwacha, mikono magotini. Mkate haukuguswa. Chai haikumiminwa.

"Mama, kutwa nzima hukunyanyuka?"

"Nilinyanyuka. Nikautafuta mlango, nikashika dirisha. Nikautafuta tena, nikashika dirisha." Kizee hakuugeuza uso. "Nikarudi nikakaa."

Ndipo Dada Mkuu alipoisikia harufu, akaona gauni la mama lilivyolowa hadi chini. Alipiga magoti mbele yake akaanza kumfungua vifungo, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke, alilia wazi, bila kujali nani anasikia upande wa pili wa ukuta.

"Usimwambie mtu, mwanangu," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Simwambii mtu, mama."

Kisha akaenda kubandika maji ya kumwogesha.