Mipopla ya Muattar

Wateja wa kinyozi Xolmirza, pale mjini Qo'qon, hawakuwa na pa kukimbilia. Wembe ukishafika shingoni, anakusomea shairi lake, nawe huthubutu hata kukohoa. Mashairi yote yalihusu mipopla, miti mirefu iliyonyooka. Kwao, mwana wa kiume akizaliwa, baba hupanda mipopla ili ije kuwa boriti za nyumba yake; kwa hiyo katika mashairi kijana ni mpopla, binti ni ua. Lakini Xolmirza alipompata Muattar, mtoto wake wa pekee, tena binti, alimpandia mipopla kando ya mfereji. Mtaa ukamcheka. Akawajibu kwa shairi, na tangu siku hiyo hajanyamaza.

Mwaka huu, miti ilipoanza kutoa machipukizi, Muattar na mumewe walikuwa wamekwisha kusimamisha kuta za nyumba yao. Muattar akaja kwa baba yake kazini.

"Baba, nimefuata miti yangu."

"Miti ipi?"

"Baba!"

"Nitakununulia boriti sokoni, mwanangu. Zimenyooka kuliko mimi."

Jirani yao Turob, povu tele mashavuni, akaangua kicheko. "Kumbe, fundi, hukumpandia binti, ulijipandia mashairi!"

Maneno hayo yalimchoma Xolmirza, maana yalikuwa kweli. Miti ikienda, atatunga nini? Aliogopa kama mtoto.

Muattar akamshika mkono. "Iliyomo kwenye mashairi baki nayo, baba. Hiyo haikatiki kwa shoka. Ya mferejini nipe mimi, niinue macho niione."

Mzee akamalizia kumnyoa Turob kimya, akamchanja sikio.

"Lo! Bora ungesoma shairi!"

Jumapili majirani wakaja kusaidia, sufuria kubwa la pilau likatelekwa. Xolmirza alipiga shoka la kwanza mwenyewe, machozi yakimtoka, na kila aliyetaka kumpokea shoka alimfukuza. Jioni boriti zilikuwa juu ya kuta.

Paa lilipokamilika na Muattar na mumewe kuhamia, asubuhi moja Muattar akampigia simu: aje mbio. Mzee akaja akihema, Turob nyuma yake, wote wakidhani paa limeporomoka. Binti akawaonyesha juu. Kwenye boriti, palipobaki gome kidogo, majani machanga yalikuwa yamechipua, yananing'inia juu ya meza ya chai.

Xolmirza akatazama mpaka shingo ikamuuma. Turob akaketi, akaziba masikio kabisa.

"Haya, soma shairi lako tumalize."

"Nisome nini tena?" akasema kinyozi, akicheka na kufuta macho. "Si hilo hapo juu?"