Koti la Marehemu Wote

Kwenye sebule ya baba yangu, kule Keshero, kuna msumari mtupu ukutani. Aliupigilia mwenyewe wiki niliyohitimu chuo, kati ya kalenda ya parokia na picha ya marehemu mama yangu. Alitaka kutundika hapo picha yake ya siku ile: yeye ndani ya koti la kijivu aliloshonesha Butembo kwa ajili ya sherehe yangu, mkono wa kulia umeshika ukosi, kidole kimoja kimepinda tangu kisu cha samaki kilipomkata, enzi zile alipokuwa akisafirisha samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi.

Picha niliipiga mimi, kwa kamera ya kuazima. Kila Jumapili baada ya misa, nikienda kumsalimu, aliniuliza, "Mama, na ile foto yangu?" Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi. Nami nilijibu, "Kesho, papa." Kutwa nzima nachapisha picha za watu wengine, lakini ya baba yangu ilikuwa ya kesho.

Mimi ni infographe. Natengeneza kwa kompyuta mabango, kadi za harusi, fulana za kwaya, na nembo za mashirika ya kule Himbi, ambayo yote hutaka rangi ya bluu na mikono miwili inayoshikana. Napenda herufi kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Nikiona kibao cha saluni kilichoandikwa kwa brashi, nasimama katikati ya njia mpaka pikipiki zinipigie honi. Nabandua karatasi za makopo ya nyanya na kuzigandisha kwenye daftari. Nikikosa rangi ya kuanzia, naenda sokoni kuangalia vitenge, na mama wanaoviuza wananifukuza kwa sababu wanajua sinunui. Kipanya changu nimekifunga kwa plasta, kompyuta yangu ni ya mitumba, ila kiburi changu kilikuwa kipya kabisa. Nilizoea kuwacheka wenzangu hadharani: tazama yule, ua lile lile kaliweka kwenye kadi tano!

Kazi inayonilisha hasa ni ya wafu. Mtu akifariki, familia huniletea kadi yake ya mpiga kura, maana mara nyingi ndiyo picha pekee aliyoiacha: uso umekazwa, macho yametoka, shati halina kifungo cha juu. Wanataka awekwe mkubwa karibu na jeneza, amevaa koti na tai. "Mumuvalishe muzuri," wanasema.

Mjane wa kwanza alipokuja nilikuwa mgeni katika kazi. Alikuwa analia, betri ya kompyuta ilikuwa inaisha, na sikuwa na koti la kumvalisha mume wake. Nikakumbuka la baba. Nikafungua ile picha, nikakifuta kichwa cha baba yangu kuanzia shingoni, nikapachika cha yule bwana, nikalainisha rangi mahali walipokutana. Kwa haraka zangu nikahifadhi juu ya picha ile ile, badala ya kutengeneza nakala. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilipogundua, mwenye kamera alikuwa ameshazifuta picha zote, na kichwa cha baba hakikuwepo tena popote. Mjane aliibusu picha, akanibariki. Mimi, badala ya kuona haya, niliona nimepata njia ya mkato.

Tangu hapo kila mwanamume aliyeletwa kwangu alivaa koti lile. Mnene nilimpanua mabega, mwembamba nilimpunguza, na wote walishika ukosi kwa kidole kilichopinda. Ule mkono ningeweza kuuondoa, lakini ulikuwa unapendeza, unampa mtu heshima. Nilibadilisha rangi ya tai tu, nikajiita mbunifu.

Mwaka huu, wakati wa mvua, baba aliniomba nimsindikize kwenye matanga ya rafiki yake wa biashara. Alimtaja kwa jina la utani walilompa barabarani, kwa hiyo sikumjua ni nani. Baba alivaa koti lake la kijivu. Lingine hana. Tuliingia chini ya maturubai, tukapewa viti vya mbele kwa sababu ya umri wake, na hapo nikainua macho. Pembeni ya jeneza ilisimama kazi yangu ya juzi, ambayo kadi yake nilitumiwa kwa simu, ikiwa na jina kamili tu. Kichwa cha rafiki yake, kifua cha baba yangu.

Nilimwomba Mungu macho ya baba yawe yamezeeka kuliko nilivyofikiri. Hayakuwa yamezeeka. Aliitazama picha, akajitazama mkono, akaitazama picha tena. Mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akainama, akamwambia kwa utani wa kumfariji, "Muzee, nyinyi na marehemu mulishonesha kwa fundi moja?"

"Ndiyo, mama," baba alijibu. "Fundi moja."

Kisha akautia mkono wa kulia mfukoni, na haukutoka tena. Hata wakati wa kuwapa pole wafiwa alitoa wa kushoto, yeye aliyenichapa utotoni kwa kosa hilo hilo. Watu walimshangaa. Niliona aibu, na aibu kubwa zaidi ilikuwa kwamba alikuwa ananifichia.

Nyumbani hakuvua koti. Alisema tu, "Fungula mashine yako." Nilikuwa nayo kwenye mkoba, nikaifungua mezani. Nikamwonyesha wafu niliowavalisha koti lake, mmoja mmoja. Alivaa miwani, akasogea. Mmoja alikuwa jirani yetu wa zamani. Mwingine aliimba naye kwaya. "Huyu nilimubeba jeneza," alisema, akagusa kioo mahali palipokuwa na kifungo chake. Wote walikuwa wamesimama kwa kujidai kwake. Tulipomaliza aliniangalia.

"Na mimi? Kichwa yangu uliitupaka wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Iko, papa. Nitaileta Jumapili."

Wiki hiyo nilifanya kazi kwa bidii kuliko nilivyowahi kumfanyia mteja yeyote. Kwenye simu nilikuwa na kadi yake ya mpiga kura, niliyoipiga picha nilipomsajilia laini. Nikakichukua kichwa kutoka pale, nikakisafisha, nikakiweka juu ya mwili wake mwenyewe. Ajabu ni kwamba hakikukaa vizuri. Kwa wafu nilitumia saa moja. Kwa baba yangu nilihangaika siku tatu na shingo tu. Mwishoni ikatoka safi. Nikaichapisha, nikainunulia fremu yenye kioo.

Jumapili aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani penye mwanga. Nilikaa nikisubiri anigombeze. Ningeshukuru angenigombeza.

"Siku ile nilikuwa ninacheka," alisema.

Akanirudishia fremu, akaenda jikoni kuangalia chai.

Ni kweli, alikuwa anacheka. Nilikuwa nimemwambia, "Papa, simama kama gavana," ndipo akashika ukosi, akacheka mpaka magego yakaonekana, na mimi nikabonyeza. Hakuna mwingine aliyekiona kicheko kile kwa karibu namna hiyo. Nilikifuta mwenyewe, kwa kipanya, ili niwahi kabla betri haijaisha.

Fremu iko chini ya meza yangu ya kazi, imegeuzwa. Msumari uko palepale. Jumapili nikienda kumsalimu, baba ananiuliza habari za kazi na za majirani. Habari ya foto haulizi tena.