Walisema Mghoi Amefungwa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu milimani, juu kidogo ya Wundanyi, dada yangu Mghoi aliacha kupata hedhi. Nyanya akasema amefungwa. Kuna mtu ameanua kitambaa chake cha hedhi kambani, akakipiga fundo na kukizika, na fundo lisipofunguliwa msichana hatazaa.

Mghoi alikuwa kidato cha pili. Likizo ile alirudi amekonda, sketi imeshikiliwa kwa pini. Mama mdogo Wakesho, mke wa ndugu wa baba, alipokuja kututembelea kutoka Voi alishtuka.

"Mbona mtoto amekwisha hivi? Huyu anakula kweli?"

Mama alimmiminia chai. Ila habari ya hedhi ilipojulikana, nyanya alilikumbuka swali lile. Nani mwingine alimwangalia Mghoi kwa jicho hilo? Tena Mama mdogo hakuwa amejaliwa mtoto, hilo likatosha. Nilikuwa jikoni baba alipompigia ndugu yake simu. "Mkeo asikanyage kwangu tena," alisema, akakata.

Nyanya alichemsha mizizi. Mghoi alikunywa, akatapika, akazidi kwisha. Asubuhi moja alianguka penye mfereji, ndoo ikamwagika. Tulimpeleka hospitali, mimi nimebeba leso yake.

Nesi alimuuliza anakula nini kwa siku.

"Chai," Mghoi alisema. Kisha akaanza kulia. "Shuleni wananiita tangi."

Nesi alimgeukia mama. "Hajafungwa na mtu. Ana njaa. Mwili ukikosa chakula, hedhi nayo husimama."

Mama alikaa chini pale pale sakafuni. Likizo yote ile tulikula meza moja na Mghoi, na aliyeona alikuwa mgeni wa siku moja.

Hedhi ilirudi, polepole, baada ya kula kuzoeleka tena. Nyanya alisema ni ile mizizi. Baba hakumpigia ndugu yake simu.

Siku hizi mimi ni mwalimu wa wasichana. Wanaficha chakula wasile, wanajibana viuno kwa mikanda, na bado kuna mzazi atakayekuja kuninong'oneza kwamba wake amefungwa. Namweleza. Muhula ukifika namweleza mwingine. Nimechoka, lakini naeleza.

Mama mdogo tulimzika mwaka jana. Baba alilia kwa sauti, mzee mzima, watu wakamshika. Mghoi alisimama kando yangu, macho makavu.

"Angemlilia akiwa anasikia," alisema.

 Tulishuka barabarani kutafuta gari.